Namna ya kujitoa kwenye video fupi huku simu ukiwa bado unaihitaji

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye ameshaifuta TikTok au Instagram kwa hasira, akakaa siku mbili tatu, kisha akairudisha usiku mmoja akiwa kitandani peke yake. Anajua fika kwamba muda wake unaliwa, na bado kidole gumba kinaendelea kusukuma kioo. Sitamwambia ajizuie. Kujizuia ameshajaribu.

Pia ni wa mtu asiyeweza kuiweka simu kando mwezi mzima. Huku kwetu simu ndiyo pochi, ndiyo duka, ndiyo kikoba, ndiyo taarifa ya msiba wa ukoo. Ushauri wa kuiacha kabisa haumfai dada anayeuza vitenge Kariakoo kwa picha za WhatsApp, wala kijana wa bodaboda anayepata abiria kupitia Bolt. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinalenga kuondoa video zisizo na mwisho na kukuachia simu yenye faida.

Kwanza elewa unashindana na nini

Wengi hujiita wavivu, watu wasio na msimamo. Lawama hizo zinachosha, na mtu akichoka hurudi kwenye kile kile kinachomliwaza. Ukweli ni kwamba upande wa pili wa kioo imefanyika kazi kubwa. Mwaka 2006 mbunifu wa Kimarekani, Aza Raskin, alibuni ukurasa usioisha: ukikaribia chini, mengine yanajileta yenyewe. Baadaye alieleza hadharani kwamba anajutia. Kabla ya hapo ukurasa ulikuwa na mwisho, na pale mwisho mtu alipata nafasi ya kujiuliza kama aendelee au alale. Video fupi zimeifuta nafasi hiyo. Hata kuchagua huchagui, unaletewa.

Jambo la pili ni kutojua kitakachokuja. Mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwachunguza njiwa na kuona kwamba anayepewa punje kila anapodonoa kitufe hudonoa akiwa na njaa tu, lakini anayepewa punje mara moja moja, bila utaratibu anaoweza kuukariri, hudonoa mfululizo na kumwachisha ni shida. Ndivyo tunavyokaa na simu. Video tano ni za kupoteza muda, ya sita inakuchekesha mpaka machozi, na kwa ajili ya hiyo ya sita unapitia nyingine thelathini.

Oktoba 2024 majimbo kadhaa ya Marekani yaliishtaki TikTok. Katika shauri la jimbo la Kentucky, sehemu za nyaraka zilizopaswa kufichwa zilisomeka kwa sababu hazikufunikwa vizuri, na redio za umma zikazitangaza. Humo imeandikwa kwamba video 260 zinatosha kumjengea mtu mazoea. Kwa kuwa video nyingine hazizidi sekunde 8, idadi hiyo inaweza kufikiwa chini ya dakika 35. Kampuni ilijibu kwamba maneno hayo yalichomolewa nje ya muktadha wake. Lakini fikiria dakika 35 ni nini: hazimalizi hata safari ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo siku yenye foleni.

Wala hauko peke yako. Ripoti ya Reuters Institute ya mwaka 2023 iliikuta Kenya ikiongoza nchi zote ilizozichunguza kwa matumizi ya TikTok, asilimia 54 ya waliohojiwa.

Kuhusu kuita hali hii ugonjwa: orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022 inautambua uraibu wa michezo ya kidijitali, ila uraibu wa mitandao ya kijamii haujapewa nafasi yake humo. Usisubiri upewe. Kama umeamua kupunguza zaidi ya mara moja ukashindwa, kama unaficha simu mwenzako akiingia, kama unafunga programu na sekunde hiyo hiyo kidole kinaifungua tena bila wewe kuamua, anza hatua ya kwanza leo.

Hatua ya 1: Pima wiki moja bila kubadilisha chochote

Nenda kwenye Settings, tafuta Digital Wellbeing. Ipo kwenye Tecno, Infinix, Samsung na simu nyingi za Android. Kwenye iPhone inaitwa Screen Time. Angalia mambo matatu: saa ulizotumia kwenye kila programu, mara ulizoifungua simu kwa siku, na saa ambazo matumizi yanapanda. La tatu ndilo watu hulipuuza, nalo ndilo lenye siri yote. Mtu anadhani tatizo lake ni siku nzima, kumbe ni saa nne usiku hadi saa saba, na dakika arobaini za asubuhi kabla ya kuoga.

Kisha fungua sehemu ya matumizi ya data uone programu hiyo imekula GB ngapi kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya GB moja kwenye bando lako. Andika hesabu hiyo kwa shilingi kwenye daftari. Wazazi wanaobana ada na wanafunzi wanaobana hela ya kula hushtuka zaidi na mstari huu kuliko saa zote zilizopotea.

Kwenye daftari hilo hilo, kila unapojikuta umezama, andika neno moja tu la kilichotangulia: upweke, usingizi, deni, foleni, ugomvi, njaa, kazi ngumu. Wiki ikiisha utaona maneno mawili au matatu yanajirudia. Hayo yahifadhi, hatua ya 4 inayategemea.

Hatua ya 2: Tenga kazi na burudani

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Muuza vitenge wetu anafungua Instagram saa tatu asubuhi ili amjibu mteja aliyeuliza bei. Kabla hajafika kwenye ujumbe, kioo kimeshamwonyesha video ya harusi. Anaitazama, nguo ni nzuri, na ni kazi yake kujua mitindo. Inafuata ya mpishi, inafuata ya ugomvi wa wasanii. Saa nne na robo anakumbuka mteja. Mteja ameshanunua kwa jirani. Dada huyu hakuzembea. Aliingia dukani kwake kupitia mlango wa ukumbi wa starehe.

Dawa ni kubadilisha mlango. Kwa kurasa za biashara za Facebook na Instagram, weka Meta Business Suite: utapandisha picha na kujibu wateja bila kuletewa video za watu. Kwa WhatsApp, tumia WhatsApp Business, weka orodha ya bidhaa na majibu ya haraka, na nyamazisha hali (Status) za watu usiofanya nao kazi. YouTube, kama unaitumia kujifunza, zima historia ya kutazama na ufute iliyopo. Ukifanya hivyo ukurasa wa mwanzo hubaki mtupu, unaona tu sehemu ya kutafuta. Unaandika unachotaka, unatazama, unatoka.

Anayetengeneza video kama kazi ana mtihani mkubwa zaidi. Ninachomshauri ni kurekodi na kuhariri nje ya programu, kuingia kupandisha kwa saa maalumu, na kujibu maoni kwenye kompyuta badala ya simu. Kisingizio cha "natafuta mawazo" kipewe siku moja ya wiki, chenye mwanzo na mwisho.

Hatua ya 3: Refusha njia

Mazoea hupenda njia fupi. Kila sekunde unayoongeza kati ya hamu na video ni nafasi ya akili kuamka.

Futa programu inayokusumbua zaidi, lakini akaunti iache kwanza. Ukitaka kuingia, ingia kwa kivinjari, andika nywila nzima, na ukimaliza toka kabisa kwenye akaunti. Nywila iwe ndefu, imeandikwa kwenye karatasi, na karatasi ibaki nyumbani. Simu nyingine huja na Facebook au TikTok isiyofutika. Hizo bonyeza Disable.

Zima arifa zote isipokuwa za binadamu wanaokutafuta: simu, SMS, ujumbe wa WhatsApp na miamala. Hakuna kinachoharibika kama hukujua dakika hii kwamba fulani amependa picha yako.

Geuza kioo kiwe cheusi na cheupe. Kwenye Android iko kwenye mipangilio ya muda wa kulala (Bedtime mode). Video za rangi hupoteza utamu haraka kuliko unavyodhani.

Vikomo vya muda vinavyowekwa na programu yenyewe mimi sivitegemei. Machi 2023 TikTok ilitangaza kikomo cha dakika 60 kwa siku kwa watumiaji walio chini ya miaka 18, lakini zile nyaraka za Kentucky zinaonyesha kwamba kwenye majaribio wastani ulishuka kutoka kama dakika 108.5 hadi 107 tu kwa siku. Mtoto anaona kikomo, anaandika namba ya siri, anaendelea. Kikomo kinafanya kazi pale namba ya siri inaposhikwa na mtu mwingine: mke, kaka, mwenzako wa chumba. Mwombe akuwekee, na umwambie mapema kwamba hata ukimbembeleza asikupe kabla ya kesho yake.

Sasa bando. Bando la usiku linauzwa rahisi, GB nyingi kwa hela ndogo, kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri. Kwa mwenye tatizo hili ndilo bando ghali kuliko yote, kwa sababu unalilipia kwa usingizi na kwa kesho yake. Acha kulinunua. Nunua bando dogo la siku badala ya la mwezi, na zima data kila unapomaliza ulilokusudia. Kama nyumbani kuna Wi-Fi, mwombe anayeisimamia aizime saa nne usiku, au atoe kipanga njia (router) kwenye umeme.

Mwisho kwenye hatua hii, simu isilale chumbani. Chaja iwe sebuleni au jikoni. Utasema unaitegemea kuamka: tafuta saa ya mezani, au kitochi cha zamani, ile simu ndogo ya vitufe. Kitochi kina faida zaidi ya hiyo. Ukihamishia humo laini ya miamala, M-Pesa inaendelea kwa *150*00# Tanzania na *334# Kenya, na ndugu wakipiga usiku kwa dharura wanakupata. Simu janja inabaki ya mchana. Kwa vijana wanaosoma na wanaokaribia mitihani, hii ndiyo hatua ningeichagua kama ningeruhusiwa moja tu.

Na mchana ukifanya kazi, iweke chumba kingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha mwaka 2017 majaribio yaliyoonyesha kuwa watu walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri zaidi mitihani ya akili kuliko walioiweka mezani, ingawa ilikuwa imegeuzwa na haitoi sauti.

Hatua ya 4: Jaza pengo kwa kitu chenye ukubwa wake

Watu wengi huanguka hapa. Wanaondoa saa tatu za video na kuweka mpango wa kusoma vitabu, kukimbia, kujifunza Kifaransa. Lakini video hazikukaa kwenye saa tatu zilizoshikana. Zilikaa kwenye vipande: dakika nne kituoni, saba chooni, ishirini dukani wateja wakiwa hakuna, na kile kipande kirefu cha usiku. Kitabu hakiingii kwenye dakika nne, na mtu aliyechoka saa nne usiku hana nguvu ya kitenzi cha Kifaransa.

Chukua maneno yako ya wiki ya kwanza na kwa kila moja andika sentensi ya "nikiwa… nita…". Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwa tafiti nyingi kwamba mpango unaotaja mahali na wakati hutekelezwa kuliko nia ya jumla. "Nitapunguza simu" ni nia. Mipango ni kama hii:

- Nikifika kituoni na daladala haijaja, nitampigia mama au shangazi. Bando za mchanganyiko huja na dakika za kupiga ambazo wengi wetu zinatuishia muda bila kuguswa.
- Wateja wakikatika dukani, nitapanga rafu moja, au nitaandika mauzo ya asubuhi.
- Nikimaliza kula usiku, nitaosha vyombo nikisikiliza redio, kisha nitakaa barazani.
- Nikigombana na mwenzangu, nitatoka nizunguke mtaa mara moja kabla ya kugusa simu.
- Nikiamka, maji na swala au dua kwanza, simu baada ya chai.

Ona kwamba hakuna kinachodai ushujaa. Viwe vidogo kiasi cha wewe kuona aibu kuvikataa.

Upweke nautaja peke yake kwa sababu ndio unaowashika wengi, hasa aliyehamia mjini, au aliye Muscat au Dubai kikazi akikaa chumba kimoja na watu asiowazoea. Kwake video za nyumbani, za Kiswahili, za mapishi na vichekesho vya mtaani, ni kama sauti za ndugu. Kumnyang'anya bila kumpa watu ni kumwonea. Kwanza apate watu: kwaya, madrasa, timu ya mpira wa Ijumaa, simu ya saa maalumu na familia kila juma. Video zipungue baadaye.

Hatua ya 5: Vuka wiki mbili za mwanzo

Siku za mwanzo utakuwa na hasira za karibu, mikono itaipapasa mifuko, na muda utaonekana mrefu. Kazi ndogo itakuboa. Ni kawaida. Ubongo ulizoea kitu kipya kila baada ya sekunde kadhaa, na sasa unaulisha chakula cha kawaida.

Hamu ikija, usibishane nayo. Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington, aliyefanya kazi na walevi miaka mingi, aliwafundisha kuitazama hamu ikipanda na kushuka bila kuifuata. Fanya hivi: kaa, sikiliza iko wapi mwilini, kifuani au mikononi, vuta pumzi polepole, angalia saa. Kwa kawaida inapoa yenyewe ndani ya nusu saa, mara nyingi mapema zaidi. Ikipoa, andika kwenye daftari kwamba ilikuja na ikaondoka. Mara ya tano hutaiogopa kama ya kwanza.

Na ukianguka, ukajikuta saa nane usiku umeirudisha programu? Hatari yake haipo kwenye usiku huo. Ipo kwenye wazo la asubuhi, "nimeshaharibu, basi." Wazo hilo ndilo linalogeuza usiku mmoja kuwa miezi miwili. Asubuhi futa programu tena, fungua daftari, andika kilichotangulia, na urekebishe kitu kimoja tu: labda chaja ilirudi chumbani, labda ulinunua bando la usiku kwa sababu ya mpira. Ziba tundu hilo, endelea na siku yako.

Huhitaji kufika sifuri ili upate nafuu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, waliochapisha matokeo yao mwaka 2018, waliwachukua wanafunzi 143, wakawapunguzia baadhi yao Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika 10 kila moja kwa siku. Baada ya wiki tatu upweke na huzuni vilikuwa vimepungua kwa waliopunguza, ukilinganisha na wenzao.

Kama nyumbani kuna watoto

Mtoto analia, anapewa simu, ananyamaza. Nalielewa, maana kupika na mtoto mgongoni si mchezo. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2019, halishauri kioo kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na kwa wa miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku. Mpe sufuria na mwiko, mpe nduguye mkubwa. Kwa wakubwa, sheria ya chaja sebuleni iwe ya nyumba nzima, baba na mama wakiwemo. Mtoto hawezi kutii agizo ambalo baba analivunja mbele yake kwenye kochi.

Lini uende kwa mtaalamu

Kuna wakati video ni pazia tu na nyuma yake kuna sonona, kamari za mechi, ponografia au msiba ambao haujaliliwa. Kama umepunguza simu na huzuni imezidi, kama hulali kwa wiki kadhaa, kama kazi au shule imeshakuponyoka, nenda hospitali. Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe Dodoma na Mathari Nairobi zina huduma za afya ya akili, na hospitali ya mkoa au kaunti inaweza kukuelekeza. Mweleze daktari wazi saa unazotumia. Peleka ile daftari. Mtoto anayehitaji mtu wa kuongea naye anaweza kupiga 116 bure, Tanzania na Kenya. Ukianza kuwaza kujidhuru, usisubiri kesho: mwambie mtu aliye karibu na mwende hospitali leo hii.

Hatua ya 6: Baada ya mwezi, amua kuhusu kila akaunti

Sasa una mwezi mzima wa kumbukumbu. Chukua akaunti moja moja na andika ilikupa nini ndani ya mwezi huo: mteja, ujuzi ulioutumia, ndugu uliyempata. Yenye jibu ibaki, kwa mlango na saa ulizoiwekea. Isiyo na jibu, ifute. Kabla ya kuifuta pakua picha zako na uwaandikie watu unaowahitaji, wakupe namba zao. Kumbuka TikTok na Instagram huihifadhi akaunti kwa siku 30 kabla ya kuiondoa moja kwa moja, na ukiingia ndani ya siku hizo unaweza kulifuta ombi lako. Kwa hiyo siku ya kufuta, badilisha nywila iwe ambayo huwezi kuikariri, mpe ile karatasi yule mtu anayekushikia namba ya siri, na mkubaliane aichane siku ya 31.